Sheria za gesi: Lafey haihitaji kikokotoo kingine

Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na lugha za programu, tuzungumzie kemia. Wewe uliyeikimbia kemia kidato cha pili usifunge ukurasa bado, maana mwisho wa yote tutarudi kwenye kazi yetu sisi watengenezaji programu, na kuna jambo nataka kuwaambia wenzangu.

Msomaji mmoja wa upande wa Lafey, kaunti ya Mandera, ameniandikia barua pepe. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa anasaidia kufundisha sayansi kwa sababu mwalimu wa kemia hayupo. Ombi lake ni fupi: nimtengenezee programu ya simu, mwanafunzi aingize namba za swali la sheria za gesi, abonyeze, apate jibu.

Kuitengeneza ni kazi ya mchana mmoja. Jibu langu hata hivyo ni hapana. Naandika sababu zangu hapa hadharani kwa kuwa naona wenzangu wengi katika fani hii wakikimbilia kutengeneza vitu vya aina hiyo kwa ajili ya maeneo kama Lafey, kisha wanapiga picha na kujipongeza.

Kwanza, hali ilivyo

Kwa wasioijua, Lafey iko kaskazini mashariki kabisa mwa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, kwenye barabara inayotoka El Wak kwenda Mandera. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilivamiwa na Al-Shabaab, watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wanaokwenda nyumbani likizo. Shule zilipofunguliwa Januari 2015, mamia ya walimu kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki, na ni nani angewalaumu? Aprili mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa, watu 148 wakafa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawaondoa walimu wengine wengi katika eneo hilo.

Tumkumbuke pia Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, aliyekuwa ndani ya basi lililovamiwa karibu na El Wak Desemba 2015. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu huyo alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Kwa hiyo tunaposema "hakuna mwalimu wa kemia" tunasema jambo zito.

Ongeza hapo kwamba minara ya simu katika kaunti ya Mandera imelipuliwa mara kadhaa katika miaka iliyopita, na mnara ukianguka mtandao unaondoka nao. Na katika shule nyingi za bweni za Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Sasa niambie, hiyo programu yangu ya simu ataifungulia wapi?

Lakini hata mtandao ungekuwepo na simu zikaruhusiwa, bado ningekataa. Sababu kubwa iko ndani ya kemia yenyewe.

Kosa linatokea wapi?

Katika mtaala wa 8-4-4, ambao sasa unaondolewa hatua kwa hatua, sheria za gesi ni mada ya kidato cha tatu. Mambo ni matatu tu: presha, ujazo na halijoto. Vitabu huiita presha shinikizo, wengine kanieneo; mimi nitasema presha, kama anavyosema fundi wa pancha.

Mwanafunzi hupewa fomula ya Boyle, kisha ya Charles, kisha ya presha na halijoto, kisha ile inayounganisha zote. Anazikariri nne. Ukitazama vizuri, mgawanyo huo umetokana na historia. Robert Boyle alichapisha sheria yake mwaka 1662. Karne nzima na zaidi ikapita hadi Jacques Charles alipofanya majaribio yake, na hakuyachapisha. Gay-Lussac ndiye aliyechapisha mwaka 1802 na kwa uungwana akamtaja Charles. Kila mmoja akapewa fomula yake kitabuni. Mwanafunzi wa Lafey anakariri orodha ya Wazungu akidhani anakariri kemia, wakati gesi yenyewe haijui jina la mtu yeyote.

Na akishazikariri, anakosea wapi? Chukua swali hili la kawaida kabisa: gesi iko kwenye nyuzi 27 za Selsiasi, presha isipobadilika, ni halijoto gani itakayofanya ujazo wake uwe mara mbili?

Mwanafunzi anazidisha 27 kwa 2, anaandika 54. Hesabu ya kuzidisha iko sawa. Jibu ni 327.

Kutoka 54 hadi 327 ni mbali sana, na kosa si la hesabu hata kidogo. Aliyeandika 54 hakukosa kikokotoo. Alikosa kuuliza: nyuzi 27 zimeanza kuhesabiwa kutoka wapi?

Ngamia aliyepimwa kuanzia magotini

Fikiria una ngamia wawili na unawapima urefu kuanzia magotini badala ya ardhini. Mmoja anapata sentimita 50, mwingine 100. Je, wa pili ni mrefu mara mbili ya wa kwanza? Hapana. Umesahau miguu. Ili useme "mara mbili" lazima uanzie ardhini.

Selsiasi ni kipimo cha kuanzia magotini. Sifuri yake imewekwa pale maji yanapoganda, jambo linalotufaa sisi binadamu lakini gesi haina habari nalo. Ardhi halisi iko chini zaidi, karibu nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Lord Kelvin alipendekeza kipimo kinachoanzia huko mwaka 1848, na kipimo hicho kikaja kuitwa kwa jina lake. Kwa hiyo nyuzi 27 ni kelvini 300. Mara mbili ya 300 ni 600. Ondoa 273, unapata 327. Basi.

Sisi tunaoandika programu tunalijua kosa hili kwa jina jingine. Namba 27 peke yake haina maana. Ina maana ikiwa na kipimo chake. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni vipimo vya metriki. Namba zote zilikokotolewa sawasawa, na chombo kikapotea Mirihi. Wale walikuwa wahandisi wenye kompyuta za kila aina. Kikokotoo hakikuwasaidia.

Jaribu na lori

Hebu tutoke kitabuni. Alfajiri, fundi amejaza tairi la lori pauni 100 za presha, halijoto ikiwa nyuzi 27. Lori limekwenda, barabara mbovu, jua limewaka, hewa ndani ya tairi imefika nyuzi 57. Tuseme tairi halikutanuka. Presha ni ngapi sasa?

Kwa Selsiasi: 100 × 57 ÷ 27 = pauni 211. Kama hiyo ingekuwa kweli, hakuna lori lingefika Lafey na matairi yake. Yangepasuka yote kabla ya saa nne asubuhi.

Kwa kelvini: 57 ni 330 na 27 ni 300. Lakini ngoja, kuna mtego wa pili. Kipimo cha fundi nacho huanzia magotini! Tairi lililotoboka husoma sifuri, wakati ndani yake mna hewa ya kawaida yenye presha ya karibu pauni 15. Kwa hiyo 100 ya fundi ni 115 halisi. Zidisha: 115 × 330 ÷ 300 = 126.5. Ondoa ile 15, fundi atasoma karibu pauni 111 au 112.

Hili lina faida barabarani. Dereva anayesimama njiani, akaona 111, akapunguza hewa "irudi 100", atajikuta na tairi laini likipoa usiku. Ndiyo maana presha ya tairi hupimwa likiwa baridi.

Na pakiti ya krispi

Mfano wa pili naupenda zaidi. Pakiti ya krispi imefungwa Nairobi, ambako presha ya hewa ni karibu kilopaskali 83 kwa sababu mji uko juu. Tuseme hewa iliyomo ndani ni sentimita za ujazo 500, kwenye nyuzi 20. Pakiti inasafirishwa hadi mji wa Mandera, ulio chini sana, presha karibu kilopaskali 98, joto nyuzi 35.

Ukitumia Selsiasi: 500 × 83/98 × 35/20 = karibu 741. Pakiti imevimba, labda imepasuka.

Ukitumia kelvini: 500 × 83/98 × 308/293 = karibu 445. Pakiti imelegea.

Majibu hayo mawili yanavuta pande mbili tofauti kabisa, moja linasema itavimba na jingine linasema itanywea. Na kujua lipi ni la kweli hakuhitaji maabara. Shika pakiti. Ukiipandisha kutoka huko chini kwenda Nairobi mambo hugeuka, iliyofungwa bondeni hutuna kama mto wa kulalia.

Karatasi yangu

Sasa nije kwenye pendekezo langu badala ya programu. Ni maandishi ya hatua tano, yanaenea kwenye nusu karatasi, na yanaweza kuandikwa kwa chaki pembeni mwa ubao yakakaa muhula mzima.

1. Andika safu mbili, MWANZO na BAADAYE. Katika kila moja weka presha, ujazo, halijoto. Kisichobadilika kipige mstari, hakikuhusu. Usichokijua kiwekee alama ya kuuliza.

2. Kila halijoto ya Selsiasi ongeza 273. Presha zote ziwe za kipimo kimoja. Zikiwa za kipimo cha tairi, jumlisha presha ya hewa kwanza.

3. Kabla hujagusa hesabu, kwa kila badiliko andika neno moja: ITAONGEZEKA au ITAPUNGUA.

4. Chukua namba ya mwanzo, uizidishe kwa sehemu. Ukiwa umeandika ITAONGEZEKA, namba kubwa inakaa juu. Ukiwa umeandika ITAPUNGUA, namba kubwa inakaa chini.

5. Linganisha jibu na maneno yako ya hatua ya tatu. Kisha kama waliuliza Selsiasi, ondoa 273.

Tujaribu swali la mtindo wa mtihani. Gesi ina ujazo wa sentimita za ujazo 250 kwenye nyuzi 27 na presha ya milimita 750 za zebaki. Tafuta ujazo wake kwenye hali sanifu, yaani nyuzi sifuri na milimita 760.

Presha inapanda kutoka 750 hadi 760. Gesi inabanwa, ujazo ITAPUNGUA, sehemu ni 750/760. Joto linashuka kutoka kelvini 300 hadi 273. Gesi inapoa, ujazo ITAPUNGUA tena, sehemu ni 273/300. Basi 250 × 750/760 × 273/300 = 224.5. Maneno yote mawili yalisema itapungua, na kweli imepungua.

Umeona fomula? Sijaandika hata moja. Ukipanga vizuri hiyo hesabu utakuta ni ileile fomula ya kuunganisha iliyo kitabuni, kwa hiyo mwalimu anayesahihisha hana cha kulalamikia. Mwenye kutaka kuiandika juu ya hatua zake na aiandike. Tofauti ni kwamba huyu wa karatasi akiisahau siku ya mtihani anaweza kuiunda upya kwa akili yake, na yule wa kukariri akigeuza P1 na P2 hana njia ya kujua kwamba amegeuza.

Hatua ya tatu ndiyo roho ya karatasi. Sisi tunaita kuandika jaribio kabla ya programu: unasema kwanza unatarajia nini, halafu ndipo unaiendesha. Programu aliyoniomba yule kijana ingeiruka hatua hiyo. Ingepokea 27 na kutema jibu bila kumwuliza mtu chochote, na mwanafunzi angeamini kwa sababu limetoka kwenye kioo.

"Wewe unapinga teknolojia"

Nimeshalisikia hilo. Watu wataniambia siku hizi kuna akili bandia, unaiuliza swali lolote na inakueleza hatua kwa hatua. Ni kweli, na mwenye mtandao aitumie. Lakini mwanafunzi anayeuliza "nipe jibu" atapewa jibu. Anayejua kuuliza "mbona langu limetoka 54?" tayari amefika nusu ya njia, na wa kumfikisha hapo ni mtu au karatasi iliyomzoesha kubahatisha kwanza. Na tusisahau mnara.

Pingamizi jingine ni zito zaidi na nalikubali: karatasi haiwezi kuwa mwalimu. Kabisa. Karatasi haimwoni mtoto aliyekaa nyuma ambaye hajaelewa. Nisingependa mtu yeyote ofisini Nairobi asome haya akasema basi, tuwapelekee karatasi. Vijana wa Mandera, Wajir na Garissa wanaosomea ualimu wasomeshwe, waajiriwe na walindwe. Hiyo ndiyo kazi kubwa, na hakuna programu itakayoifanya kwa niaba ya serikali.

Kuna pia suala la lugha. Mwanafunzi wa Lafey anazungumza Kisomali nyumbani, mtihani wa kemia ni wa Kiingereza, na Kiswahili ni somo. Maneno mawili ya hatua ya tatu ayaandike kwa lugha inayomjia haraka. Gesi inapobanwa inapungua katika lugha zote.

Mipaka yake

Ili nisidanganye mtu, karatasi hii inafaa kwa gesi tupu, isiyovuja na isiyoongezwa. Usiitumie kwa mtungi wa gesi ya kupikia. Mle ndani sehemu kubwa ni kimiminika, na kadiri kimiminika kinavyobaki, presha hutegemea joto tu. Mtungi wa kilo 6 uliojaa na uliofika nusu huonyesha karibu presha ileile kama joto ni lilelile. Ndiyo maana mtu mwenye busara anaupima kwenye mizani kujua umebaki kiasi gani.

Nitakachotengeneza

Nimemjibu yule kijana na kumtumia karatasi. Nimemwahidi pia kitu kidogo cha ziada, kwa ajili ya ile kompyuta moja ya ofisini kwao. Ni ukurasa mmoja tu, faili moja ndogo inayofunguka kwenye kivinjari chochote bila mtandao na inayoweza kubebwa kwenye kadi ya simu. Utakuwa na masharti mawili. Haupokei halijoto isiyo na kipimo. Na hautaonyesha jibu mpaka uchague ITAONGEZEKA au ITAPUNGUA. Ukichagua vibaya haukupi jibu, unakuuliza gesi imebanwa au imeachiwa, imepashwa au imepozwa.

Kwa wenzangu wa fani, naomba kabla hujaanza kutengeneza programu ya "kuwasaidia" watoto wa mahali fulani, kaa kwanza na maswali kumi waliyokosea. Usitazame alama. Tazama walipokosea. Mara nyingi utakuta kinachokosekana ni swali moja ambalo hakuna aliyewafundisha kujiuliza.

Mwenye kufundisha kemia popote alipo, ichukue karatasi hiyo, ichape, ibadilishe utakavyo, haina haki za mtu. Na wewe unayejua Kisomali vizuri, niandikie, nataka tuitafsiri hatua ya tatu sawasawa kabla muhula ujao haujaanza.